Seyyid Barghash Aenda Kutembea London, 1875



Mtu akirudi kutoka mji mkubwa ambao hajapata kuuona maishani mwake, jirani zake humjia jioni, wakakaa naye barazani, wakamwuliza swali moja: "Haya, tueleze, umeona nini?" Naye huanza kuhesabu: nimeona majumba marefu, nimeona magari yasiyokwisha, nimeona watu wengi kama siafu. Wenziwe husikiliza, hustaajabu, hunywa kahawa, kisha kila mtu huenda zake. Ni mara chache abaki mzee mmoja nyuma, akauliza maswali mawili mengine, yaliyo magumu zaidi: "Ni nani aliyekuonyesha hayo uliyoyaona? Tena, umetuletea nini?"

Katika hotuba hii nataka kuyauliza maswali hayo ya mzee juu ya mgeni mmoja aliyetoka Unguja, akaenda kutembea katika mji wa London mwaka 1875. Mgeni huyo hakuwa mtu wa kawaida. Alikuwa Seyyid Barghash bin Said, Sultani wa Zanzibar, mwenye kutawala pwani yetu kutoka upande wa Mrima hata Benadir. Lakini kwa London alikuwa mgeni kama mgeni yeyote, mtu aliyeshuka katika mji asioujua, asiyejua lugha yake, ambaye kila asubuhi hungoja mwenyeji aje amwambie leo tutakwenda wapi.

Yafaa kwanza tujue mtu huyu alitoka wapi, maana mgeni haendi na macho tu. Huenda na mambo ya nyumbani kwake moyoni.

Seyyid Barghash alikuwa mmoja katika wana wengi wa Seyyid Said bin Sultan, yule aliyeuhamishia ufalme wake Unguja na kuifanya karafuu kuwa mali ya kisiwa. Seyyid Said alipokufa mwaka 1856, Seyyid Majid alitawala Zanzibar. Barghash hakuridhika. Mwaka 1859 alimwasi ndugu yake. Katika fitina hiyo alisaidiwa na dada zake, na mmoja wao alikuwa Seyyida Salme, msichana wa miaka 15 tu. Salme alikuwa amejifundisha mwenyewe kuandika, jambo lililokuwa adimu kwa wanawake wa wakati ule, basi yeye ndiye aliyeziandika barua za waasi. Nawasihi mlikumbuke jina hilo, maana tutakutana nalo tena huko London.

Maasi yalishindwa kwa msaada wa askari wa manowari ya Kiingereza, na Barghash akapelekwa Bombay, akakaa huko mpaka mwaka 1861. Wakati huo mji wa Bombay ulikuwa katika mabadiliko makubwa. Mwaka 1860 kazi ya kuleta maji kutoka ziwa la Vihar ilikwisha, na mji ule wenye watu wengi sana ukaanza kupata maji kwa mabomba badala ya kutegemea visima na matangi peke yake. Kwa hiyo London haukuwa mji mkubwa wa kwanza kwa Barghash. Alikuwa amekwisha kukaa katika mji mkubwa akiwa mtu aliyefukuzwa kwao, na mtu wa namna hiyo ana nafasi ndefu ya kutazama.

Majid alikufa Oktoba 1870, na Barghash akashika ufalme. Lakini aliupokea ufalme wakati wa taabu. Miaka ya 1869 na 1870 kipindupindu kilikuwa kimeingia Unguja na kuua maelfu ya watu. Mji ulikunywa maji ya visima vilivyochimbwa katikati ya nyumba, karibu na makaburi na mashimo ya uchafu, na maji ya mvua yaliyokingwa. Kisha, mwezi wa Aprili 1872, ilikuja tufani kubwa. Iliing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa cha Unguja, ikavunja majahazi na marikebu bandarini. Mwaka uliofuata ikaja tufani ya namna nyingine. Serikali ya Kiingereza ilimtuma Sir Bartle Frere kumtaka Sultani aikomeshe biashara ya watumwa. Barghash alikataa kwanza, kwa kuwa mapato yake na matajiri wake walitegemea biashara hiyo. Ndipo Balozi wa Kiingereza, Dr. John Kirk, alipomwarifu ya kwamba manowari zitakizingira kisiwa. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani alitia sahihi. Soko la watumwa la Unguja likafungwa, na kupeleka watumwa baharini kukaharimishwa.

Hapa tusiseme maneno nusu. Jambo lililokatazwa lilikuwa ovu. Watu waliotolewa Nyasa na Ziwa Tanganyika, wakafungwa minyororo na kupelekwa pwani, ndio waliolipa gharama ya fahari nyingi za Unguja, na furaha yao ya kufungwa kwa soko lile hatuwezi kuipima. Lakini ni kweli pia kwamba Sultani alitia sahihi chini ya mizinga, naye alijua hivyo, na Waingereza walijua ya kuwa anajua. Mwaliko wa kwenda London ulikuja baada ya mambo hayo. Aliyetishwa mwaka 1873, mwaka 1875 aliitwa mgeni mpenzi.

Sultani aliondoka Unguja mwezi wa Mei 1875 kwa marikebu ya moshi, akapita Aden na mfereji wa Suez, ambao wakati ule ulikuwa umefunguliwa miaka 6 tu iliyopita. Mapema mwezi wa Juni alifika Uingereza. Pamoja naye alikuwako katibu wake, Zahir bin Said, ambaye habari za safari hii alizoziandika kwa Kiarabu zilikuja kupigwa chapa ziwe kitabu. Mkalimani aliyewekwa kumhudumia huko alikuwa George Percy Badger, kasisi mwenye kukijua Kiarabu sana, aliyekuwa amekwisha kufika Unguja pamoja na Frere.

Tujaribu kuufikiri mji aliouingia. London ya mwaka 1875 ilikuwa na watu zaidi ya milioni 3, na hapakuwa na mji duniani uliokuwa mkubwa kuliko huo. Barabara zilijaa magari ya farasi tangu alfajiri hata usiku. Chini ya ardhi lilipita gari la moshi, maana njia ya kwanza ya namna hiyo ilifunguliwa huko mwaka 1863. Kando ya mto Thames ulikuwapo ukuta mpya wa mawe wenye barabara pana juu yake, uliofunguliwa mwaka 1870, na penye Baraza la nchi huko Westminster ilisimama saa kubwa iliyoanza kwenda mwaka 1859, ambayo kengele yake ilisikiwa mbali. Usiku njia zote ziliangazwa kwa taa za gesi. Moshi wa makaa ulifunika mapaa, hata jua la mwezi wa Juni lilionekana kama limevaa shela.

Tena kuna jambo ambalo huenda hakuna aliyemwambia mgeni yule. Bidhaa za nchi yake zilikuwa zimemtangulia kufika. Pembe za ndovu zilizobebwa mabegani kutoka bara hata Bagamoyo, zikavushwa Unguja, ziliuzwa London, zikachongwa kuwa mipini ya visu na vidole vya piano. Sandarusi iliyochimbwa katika mchanga wa Mrima iliyeyushwa ikawa vanishi bora ya kung'arishia magari ya farasi. Huenda hata gari alilopandishwa Sultani liling'aa kwa sandarusi ya pwani yake mwenyewe. Mji mkubwa ni hivyo: mgeni huuona kama ajabu iliyoshuka kutoka mbinguni, kumbe nusu ya ajabu hiyo imetoka katika nchi kama yake.

Basi alionyeshwa nini? Malkia Victoria alimpokea katika ngome ya Windsor. Mwana wa Malkia, aliyekuja kuwa Mfalme Edward wa Saba, alimfanyia ukarimu mwingi. Alipelekwa Ascot kutazama mashindano ya farasi, mahali ambapo wakubwa wa Uingereza hukutana ili kuonana wao kwa wao kuliko kuwatazama farasi. Alipelekwa kuiona Crystal Palace, lile jumba la chuma na vioo lililojengwa kwanza kwa maonyesho makuu ya mwaka 1851, kisha likahamishiwa Sydenham, kusini ya mji, ambako lilikaa hata likaungua moto mwaka 1936. Wakuu wa Jiji la London walimpa heshima ya kuandikwa kuwa mwenyeji wa Jiji, heshima ambayo wageni wachache sana walipata. Kila alikokwenda watu walisongamana kumtazama, na magazeti yakaeleza kilemba chake, joho lake na jambia lake. Wahenga wetu walisema, "Mgeni kuku mweupe." Alikwenda kuutazama mji, na mji nao ukamtazama yeye, labda kwa macho makubwa zaidi.

Lakini katika ratiba hiyo ya furaha palikuwa na mahali pengine. Alipelekwa Woolwich, penye karakana kuu ya silaha ya Serikali, ambako chuma kiliyeyushwa na kufuliwa kwa nyundo za mvuke kiwe mizinga ya manowari na ya ngome. Kisha alipelekwa nje ya London, kwenye miji ya kazi: Birmingham, ambako vyuma vya kila namna vilifanyizwa, Manchester, mji wa nguo za pamba, na Liverpool, mji wa gati na marikebu.

Sasa tulijibu swali la kwanza la mzee wetu: ni nani aliyemwonyesha? Waliomwonyesha ni watu wenye haja naye. Mwenye nyumba mwerevu humpitisha mgeni ukumbini kabla ya jikoni. Windsor na Ascot zilimwambia mgeni, "Ona jinsi tunavyokuheshimu." Manchester na Liverpool zilimwambia, "Ona jinsi biashara nasi ilivyo na faida, kuliko ile tuliyokukataza." Na Woolwich haikuhitaji mkalimani. Chuma chekundu chini ya nyundo kilisema, "Ona ni akina nani wanaokuomba kwa upole." Matembezi yale yalikuwa hotuba moja ndefu iliyosemwa kwa majumba na mitambo badala ya maneno, na mwisho wake ulikuwa karatasi. Tarehe 14 Julai 1875, huko huko London, mkataba mwingine ulitiwa sahihi, wa kufafanua na kukamilisha ule wa mwaka 1873.

Yapo na mambo ambayo mgeni hakuonyeshwa katika ngwe ya fahari, nami nitataja mawili.

La kwanza lilikuwa chini ya miguu yake. Miaka 20 tu kabla ya safari hii, London yenyewe ilikuwa mji wa kipindupindu. Mwaka 1854 ugonjwa huo uliua watu zaidi ya 600 katika mtaa mmoja mdogo uitwao Soho kwa muda wa majuma machache. Daktari mmoja, John Snow, alichunguza nyumba za wafu, akaona ya kuwa wengi wao walikunywa maji ya kisima kimoja chenye bomba katika njia iliyoitwa Broad Street. Aliwashauri wakubwa wa mtaa wauondoe mkono wa bomba lile, nao wakauondoa. Wengi hawakuamini bado kwamba ugonjwa huja kwa maji. Walidhani huja kwa hewa mbovu. Kisha, katika joto la mwaka 1858, uchafu wote wa mji uliokuwa ukimwagwa katika Thames ulinuka hata wajumbe wa Baraza la nchi wakashindwa kukaa, kwa kuwa jumba lao li ukingoni mwa mto. Pua za wakubwa zilipoudhika, fedha ilipatikana. Mhandisi Joseph Bazalgette alipewa kazi ya kujenga mifereji mikuu ya matofali chini ya mji mzima, ili uchafu uchukuliwe mbali upande wa mashariki. Sehemu kubwa ilifunguliwa mwaka 1865, na kazi ya mwisho ilikuwa inamalizika mwaka ule ule 1875 Sultani alipokuwa mgeni. Ile barabara nzuri ya kando ya mto, ambayo kila mgeni aliisifu, ilijengwa juu ya mmoja katika mifereji hiyo. Kipindupindu kilikuja London kwa mara ya mwisho kama tauni kuu mwaka 1866, nacho kilishambulia zaidi upande wa mashariki, ambako kazi ya mifereji ilikuwa haijatimia.

Hiyo ndiyo ajabu kubwa kupita zote za London ya siku zile, wala haikuwa na vioo wala dhahabu. Mji wa watu milioni 3 ulikuwa umejifunza kukaa pamoja pasipo kuuana kwa maji.

Jambo la pili ambalo mgeni hakuonyeshwa lilikuwa la nyumbani kwake mwenyewe. Mnamkumbuka yule msichana aliyeandika barua mwaka 1859? Mwaka 1866 Seyyida Salme aliondoka Unguja kwa siri katika manowari ya Kiingereza. Huko Aden alibatizwa na kuolewa na mfanya biashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete, wakaenda kukaa Hamburg, naye akaitwa Emily Ruete. Mwaka 1870 mumewe alikufa kwa ajali ya gari la njiani, akabaki mjane mwenye watoto watatu wadogo katika nchi ngeni, na mali chache. Kwa jamaa zake alikuwa kama mtu aliyekufa, maana alikuwa ameacha dini na kuolewa na Mkristo.

Aliposikia ya kuwa kaka yake anakwenda London, aliwaacha watoto wake Ujerumani, akafunga safari kwenda huko huko, akitumaini kwamba katika nchi ya watu wa tatu ndugu wawili wataweza kupatana. Yeye pia alikuwa mgeni katika mji ule mkubwa. Lakini hapakuwa na gari la Malkia la kumpokea. Aliyemjia alikuwa Sir Bartle Frere. Kwa habari alizoandika mwenyewe katika kitabu chake, kilichotolewa kwa Kijerumani mwaka 1886, Frere alimweleza ya kuwa Serikali haipendi mgeni wake asumbuliwe, akamtaka achague: ama ajaribu kuonana na kaka yake, ama auache mpango huo na Serikali itawaangalia watoto wake. Mama aliwachagua watoto. Kisha, Sultani alipokwisha kuondoka, aliandikiwa ya kuwa yeye ni mtu wa Ujerumani, na msaada ule hautapatikana. Hayo ndiyo maneno yake, naye aliyaandika kwa uchungu.

Hawakuonana London. Miaka 10 baadaye, mwaka 1885, alirudi Unguja kwa marikebu za Kijerumani, na watu wa mjini wakamtambua na kumsalimu njiani. Lakini kaka yake hakukubali kumpokea. Barghash alikufa Machi 1888, na dada yake alikufa Jena, Ujerumani, mwaka 1924. Siku zile chache za kiangazi cha mwaka 1875, katika mji mmoja, pengine kwa mwendo wa saa moja tu wa gari la farasi, ndizo zilizokuwa nafasi bora waliyopata. Mji mkubwa una uwezo huo pia: huweza kuwaleta watu wa mama mbalimbali na baba mmoja kutoka pande mbili za dunia, kisha ukawaficha kila mmoja na mwenziwe.

Sasa twende kwenye swali la pili la mzee: aliwaletea nini?

Sultani alirudi kwa njia ya Ufaransa na Misri, akafika Unguja mwezi wa Septemba 1875. Mgeni mwenye moyo mwepesi angalirudi na masanduku ya vioo na saa za dhahabu, na vitu vya namna hiyo hapana shaka vililetwa. Lakini ukitazama kazi za miaka yake iliyobaki, utaona mkono wa mtu aliyechagua. Alianzisha kiwanda cha kupigia chapa vitabu vya Kiarabu, na kuanzia mwaka 1880 vitabu vya elimu ya dini vilitoka Unguja vikasomwa hata Oman. Alinunua marikebu za moshi za kuchukua watu na bidhaa. Mwaka 1879 waya ya simu ya chini ya bahari ilifika kutoka Aden, na habari iliyochukua majuma kwa marikebu ikaanza kuchukua saa. Mwaka 1883 alijenga Beit al-Ajaib, jumba lenye nguzo ndefu za chuma na baraza kuzunguka, na baadaye taa za umeme zikawaka pwani ya Forodhani. Angalieni jambo hili: mwaka 1875 njia za London ziliwaka gesi, si umeme. Basi mtu huyu hakuwa akiiga tu alichokiona. Aliendelea kuulizia kilicho kipya hata baada ya kurudi.

Lakini katika hayo yote, jambo lililofika katika nyumba ya maskini lilikuwa la maji. Sultani alijenga mfereji wa kuleta maji safi kutoka chemchemi za kaskazini ya mji, upande wa Bububu, yakaingia mjini. Mji uliozika maelfu ya watu kwa kipindupindu ukaanza kupata maji yasiyotoka katika kisima cha uani. Alijenga na hamamu ya watu wote katika mtaa ambao tangu hapo umeitwa Hamamni. Kama wazo hilo lilizaliwa Bombay, au London, au kandokando ya makaburi ya mwaka 1870, hatuna haja ya kubishana. Huenda ni pote patatu. Mtu aliyekwisha kuzika watu kwa sababu ya maji, akipita katika mji uliotengeneza maji yake, hahitaji mkalimani wa kumweleza anachokiona.

Wala tusimpambe kupita kiasi. Watumwa walikuwako bado katika mashamba yake na ya matajiri wake, ingawa mwezi wa Aprili 1876 alitoa amri za kuzuia misafara ya watumwa huko bara. Tena urafiki aliouonyeshwa London haukuwa ngao ya kutosha. Kabla mwaka 1875 haujakwisha, majeshi ya Misri yalitua Barawa na Kismayu katika nchi yake, na ingawa Waingereza waliwashurutisha Wamisri kuondoka, miaka 10 baadaye, Wajerumani walipoitaka bara ya Tanganyika, Waingereza hao hao hawakumsaidia kuizuia. Na tarehe 27 Agosti 1896, miaka 8 baada ya kufa kwake, manowari za Kiingereza zilipiga mizinga majumba ya Sultani pale Forodhani katika vita visivyotimiza hata saa moja. Ule mnara wenye saa na taa uliosimama mbele ya Beit al-Ajaib ukaharibiwa. Yale yaliyosemwa kwa upole huko Woolwich yalikuja kusemwa kwa sauti Unguja.

Minara huanguka, basi, na majumba hupigwa mizinga, na mikataba huandikwa ikafutwa. Lakini mtungi wa maji safi ukimpa mtoto uhai leo, hakuna mzinga unaoweza kurudi nyuma na kumnyang'anya.

Wasikilizaji wangu, wengi wenu mtapata siku moja kwenda katika mji mkubwa kwa mara ya kwanza, au mtamsindikiza mwana wenu aendaye. Mwache atazame minara na madirisha ya maduka, maana macho yana haki yao. Lakini mwambieni amwulize mwenyeji wake mambo ambayo hayamo katika ratiba: maji haya yatoka wapi? Uchafu huu waenda wapi? Anayelala chini ya daraja hili ni nani? Tena mwambieni, kama ana ndugu katika mji ule, hata ndugu waliyegombana naye, amtafute siku ya kwanza, asingoje ya mwisho.

Naye akirudi, akaketi barazani, mpeni kahawa, msikilizeni habari za majumba na magari. Halafu, wengine wakiisha kwenda zao, bakini nyuma kidogo kama yule mzee.